Taa Nyekundu ya Oili

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nikiwa bado kijana na mgeni katika nchi hii. Nilikuwa namrudisha mama yangu nyumbani Beltsville kutoka kliniki ya mjini Washington, alikokuwa akisafishwa damu. Figo zake zilikuwa zimechoka. Gari letu nalo, tulilopewa na watu wa kanisa, lilikuwa limechoka. Tuliposimama kwenye taa za barabarani, injini ikiunguruma polepole, alama nyekundu ya oili ikawaka mbele ya macho yangu. Mama akasema nyumbani si mbali, twende tu. Nikaegesha pembeni, nikazima injini. Kwa hilo sijajuta hata siku moja.

Ujue kwa nini gari lile lilikuwa maisha yetu. Kulikuwa na basi dogo la kuchukua wagonjwa, lakini mama hakujua Kiingereza, na safari moja dereva alimshusha kwenye mlango usio wake. Alizunguka kwenye baridi mpaka akaanguka. Tangu hapo aliapa kwamba atapanda gari langu au atabaki kitandani. Na mgonjwa wa figo asiposafishwa damu, mwanangu, hakai sana.

Shemeji yangu Bahati, mdogo wa mume wangu, alikuja akatuvuta kwa gari lake hadi nyumbani. Alichomoa kijiti cha kupimia, akakuta oili inatosha, akatikisa kichwa. Kwake yeye moteri, injini yenyewe, ilikuwa imekwisha. Shauri lake lilikuwa tutie oili nzito ya kupandisha presha, taa izimike, halafu tuliuze haraka kwa vijana wawili Warundi waliotoka kufunga ndoa pale kanisani na walikuwa wanatafuta gari. Alikuwa ameshawapigia simu. Bahati hakuwa mtu mbaya. Alinihurumia, akaona njia fupi.

Jirani yetu alitusikia akimwagilia maua. Alikuwa mama Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu wa kemia, aliyejifunza Kiswahili chuoni huko Shaw, mjini Washington, enzi za usichana wake. Gari la marehemu baba yake alilihudumia kwa mikono yake mwenyewe. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, kila neno limenyooka, hata sisi tuliotoka Uvira, Kongo, tulijirekebisha mbele yake. Tulimwita Mwalimu. Alifunga maji, akaja kwenye uzio.

"Neema," aliniambia, "unataka taa izimike, au unataka injini ipone? Taa ikizimika, yule bibi harusi ataamini kwamba gari ni zima."

Nilimwomba Bahati awapigie tena wale vijana, awaambie ukweli kwamba gari ni bovu na haliuzwi. Kisha nikamwambia Mwalimu nitalitengeneza mwenyewe, mradi anionyeshe pa kuanzia.

Tulianza Jumamosi asubuhi, mbele ya gereji yake. Hakuniruhusu kufungua injini kabla ya kupima. Alisema taa inaweza kudanganya kama kihisi chake, kile kifaa kinachoiwasha, kimeharibika, kwa hiyo tulikitoa, tukafunga geji ya kupimia presha ya oili mahali pake. Injini ikiwa baridi, mshale ulisimama vizuri. Ilipopata moto, ukashuka karibu na sifuri. Basi taa ilikuwa inasema kweli.

Bahati alikuwa ameleta filta ya kuchujia oili, ya bei ya chini kuliko zote dukani. Iliingia kwenye nyuzi zake za kukazia bila shida, na hapo ndipo watu wengi huridhika. Mwalimu alinipa kitabu cha gari, akanituma nitafute filta inayotajwa humo. Tulipoziweka pamoja, mpira wa ndani wa ile ya Bahati ulikuwa mkavu na mgumu. Usingeizuia oili isirudi chini gari likizimwa. Filta ya zamani tuliikata: karatasi yake imebonyea, mikunjo imeshikamana kwa uchafu. Tukafunga filta iliyo sahihi, tukatia oili ya uzito ulioandikwa kitabuni.

Injini ikapata moto, na mshale ukashuka tena.

Nilikaa chini kwenye sementi. Bahati akasema, kwa upole, kwamba alikuwa ameniambia. Mimi nilikuwa nawaza kwamba Jumatatu ni siku ya kliniki. Nikainuka.

"Shemeji," nikamwambia, "tunashusha sampo."

Sampo ni lile bakuli la chuma chini ya injini ambamo oili hukaa. Tuliliweka gari juu ya stendi imara, kwa maana Mwalimu hakukubali mtu alale chini ya gari linaloshikwa na jeki tu. Tulipolishusha bakuli, tulikuta tope jeusi, zito kama uji ulioungua, na wavu ambao pampu hufyonzea oili umezibwa karibu wote. Pampu yenyewe ilikuwa nzima, ila ilikosa cha kufyonza. Bahati ndiye aliyeusugua wavu ule, mikono yake ikawa myeusi hadi viwikoni, na hakusema tena habari ya kuuza. Tukaweka gasketi mpya ya kuziba ukingo wa sampo, kwa gundi yake, na filta mpya kwa mara nyingine kwa sababu ya uchafu uliokwisha kupita, tukaiacha gundi ikauke.

Jumapili baada ya ibada, mama aliomba kiti nje. Nikatia oili mpya, nikawasha. Mshale ukapanda. Tukangoja injini ipate moto kweli, na mshale ukabaki juu. Mama hakuijua geji, alizitazama tu nyuso zetu.

"Basi kesho tunakwenda," akasema.

Tulikwenda kesho yake, na miaka mingine baadaye, mpaka Mungu alipomchukua kwa wakati wake.

Sasa wewe, mwanangu, unayeendesha gari la zamani kila siku hadi kazini Herndon, nisikilize. Taa hiyo ikiwaka, simama, uzime injini, hata kama nyumbani unapaona. Pima kabla ya kukisia. Filta uichague kwa kitabu cha gari lako, usiridhike kwa kuwa imeingia. Oili nzito isiwe ya kujifariji. Na ukijaribu dawa ya kwanza ikashindwa, usilitupe gari wala usimtwike mwenzako ubovu wake kwa siri. Shuka chini zaidi, utafute panapoziba. Hata nyumbani kwako, siku ndoa itakapokuwa nzito, fanya vivyo hivyo.

Mungu akulinde barabarani, akupe jirani asiyeogopa kukuambia kweli, na wote wanaokungoja wakuone ukirudi salama.