Nashuku Mzee Ninayemchora Ndiye Aliyeleta Posa Kwetu

Admin, jina langu liache pembeni, kwetu Dagoretti watu wana macho. Mimi ni dada wa miaka ishirini na tisa, naishi Riruta, na kazi yangu ni kuchora katuni za mtandaoni. Nina mchumba, nitamwita Beni. Harusi ni mwezi ujao na moyo wangu hautulii hata kidogo.

Beni ni mtu wa magharibi mwa Kenya. Tangu tujuane ameniambia wazazi wake walifariki akiwa mdogo, akabaki na baba mdogo peke yake. Huyo ndiye aliyeongoza marafiki wa Beni walipoleta posa kwetu. Aliongea Kiswahili kitamu, akawachekesha mama na shangazi zangu mpaka wakafuta machozi. Baba yangu ni mchinjaji, na kwa heshima alimpakulia ulimi wa ng'ombe.

Sasa wiki jana podikasti moja yenye studio katikati ya jiji ikaniomba niwachoree jalada la kipindi kimoja kama msanii mgeni. Nilifurahi mno. Mtangazaji wao huwatumia wachoraji rekodi mapema, pamoja na picha ya anayehojiwa. Akanipigia: "Niaje msanii. Huyu mzee hataki kujulikana, so tumebadilisha sauti. Mchore tu vile amekaa, lakini uso wacha. Na hiyo rekodi isitoke kwako, please."

Nikasikiliza. Mzee anasimulia kazi yake: hukodiwa awe baba, mjomba au baba mdogo kwenye mambo ya mahari. Nilicheka sana, sitadanganya. Kisha akasema, "Juzi mzee mmoja wa Dagoretti alinipakulia ulimi wa ng'ombe. Mpaka nikaona haya." Kicheko kikanikauka. Nikafungua picha. Imekatwa shingoni. Mimi husahau majina lakini mikono siisahau, na siku ya posa niliona kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto wa baba mdogo kimekatika nusu. Kwenye picha, mkono wa kushoto umefunikwa na wa kulia. Nani hukaa hivyo?

Nikajiambia ni mawazo mabaya tu. Wachinjaji Dagoretti ni wengi, na hakuna ng'ombe asiye na ulimi. Nikamwambia Beni twende tumsalimie baba mdogo. Akajibu haraka mno, "Babe, buda ameenda ocha, huko kijijini. Na simu yake imeharibika."

"Basi nipe namba ya mtu mwingine wa kwenu."

"Umeanza kunichunguza? Si nilikushow sina watu?" Akanuna siku mbili nzima.

Lakini kwenye rekodi mtangazaji alimuuliza mzee kama vijana wanaomkodi ni mayatima. Akasema, "Hakuna yatima amewahi kunikodi. Yatima huja na jirani, huja na pasta wake. Anayenikodi ana watu, ni vile hataki muwaone." Nimekirudia kipande hicho mara tatu. Kama Beni ana watu, ni akina nani? Mama aliye hai? Mke? Watoto? Nampenda, jamani, na sasa namwogopa pia.

Jalada linatakiwa kesho kutwa. Mama husambaza kila ninachochora kwenye kundi la familia, na baba hukitazama akikikuza kwa vidole. Nikimchora mzee kama ninavyomkumbuka, na kile kidole nusu kikionekana, baba atamjua kabla hajasikia neno, na harusi itaishia hapo. Kama nimekosea, nitakuwa nimemwaibisha mzee wa watu na mchumba asiye na kosa, na nimevunja ahadi ya kazi. Nikimficha, na kumbe ndiye, basi nimesaidia kwa mkono wangu mwenyewe kudanganywa mimi na wazazi wangu.

Koti nimelimaliza, kiti na maikrofoni pia. Ndugu zangu, nishaurini: nimchore mzee ili baba amtambue, au nimfiche niolewe?