Miche Arobaini na Mitatu ya Evarista Kalinga

Kabla hajawa mwenye kitalu, Evarista Kalinga alikuwa mpishi wa shule ya sekondari huko Kilolo. Kwa miaka kumi na saba aliwapikia wanafunzi mia nne makande na ugali, mpaka moshi ukamharibia macho na daktari wa Iringa akamwambia achague: kuni au kuona. Akachagua kuona. Siku ya kuondoka aliomba mapipa mawili yaliyotoboka ambayo shule ilikuwa inayatupa, akayabeba kwa mkokoteni. Watu wakacheka, wakidhani anakwenda kupika pombe.

Alikwenda kupika udongo. Kwenye mafunzo ya wiki mbili pale Uyole, Mbeya, alikuwa ameambiwa kwamba mche wa parachichi huanza kuugua chini, kwenye mizizi, muda mrefu kabla jani halijaonyesha chochote, na kwamba udongo ukipitishwa kwenye mvuke, vijidudu vingi hufa. Wenzake waliandika hayo kwenye daftari wakayaacha humo. Evarista aliyachukua kama alivyoyachukua maagizo ya jikoni. Moto aliusimamia mumewe, Timotheo, kwa sababu ya yale macho; yeye alikaa upande wa upepo akipima kwa mkono kama udongo umeiva. Kisha aliujaza kwenye viriba, ile mifuko ya plastiki ya kuoteshea, akapanda kokwa za kienyeji, na miche ilipofikia unene wa penseli akaibebesha: anakata kikonyo cha mti mzazi mzuri, anakichomeka juu ya mche, anafunga utepe. Vidole vyake havikutetemeka. Katika kila miche mia aliyobebesha, tisini na zaidi ilishika.

Kwa miaka sita aliwauzia majirani, kisha watu wa Njombe na Mafinga. Mwaka wa saba akaja Mrisho, mfanyabiashara wa Mbeya ambaye babu yake alipanda kutoka pwani na kanga za kuuza, akabaki. Mrisho alikuwa amepata mkulima ng'ambo ya Tunduma, upande wa Zambia, aliyetaka miche elfu mbili na mia nane kwa mkupuo.

"Miche yako nimeiona, dada Evarista, sina neno," alisema. "Ila mpakani hawataniuliza kama nimeiona mimi. Watauliza cheti cha afya ya mimea. Lazima mkaguzi wa serikali aje hapa, aiangalie, aandike kwamba haina ugonjwa. Bila hiyo karatasi lori linageuzwa, au mzigo unachomwa moto."

"Na huyo mkaguzi analipwa?"

"Kuna ada ya ukaguzi. Unaomba, unapewa kontro namba, unalipa kwa simu, unapata risiti. Hulipi mkononi mwa mtu."

Timotheo hakulipenda jambo hilo. Alikuwa mtu mwema, mzee wa kanisa, lakini kila kitu chenye mhuri kilimtia wasiwasi.

"Mama Goodness," alimwambia mkewe jioni ile, akimwita kwa jina la binti yao mkubwa kama kawaida yake, "tulipie mtu aje kuangalia majani? Na akikuta ubaya, hela inarudi?"

"Hairudi."

"Basi tunanunua kesi."

Evarista alijua mumewe anafikiria nini. Walikuwa wanafikiria kitu kimoja. Mwezi wa nne, mvua zikiwa zinaelekea ukingoni, miche arobaini na mitatu ilikuwa imenyauka kwenye kona ya chini ya kitalu. Majani yalilegea, yakageuka kahawia kama chai ya rangi, na alipoivuta, mizizi ilikuwa myeusi. Aliing'oa yote asubuhi moja kabla majirani hawajapita kwenda shambani, akaichoma, akamwaga chokaa pale ilipokuwa. Haikufa mingine. Lakini yeye alikumbuka vizuri yale mafunzo ya Uyole: ugonjwa wa kuoza mizizi ukiingia kitaluni, hauombi ruhusa ya kwenda safu ya pili. Ukipatikana kwenye mche mmoja, kitalu kizima huzuiwa.

Aliomba ukaguzi, akalipa, akangoja.

Mkaguzi aliyekuja kutoka Mbeya alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano aitwaye Eveline, mwenye buti za mpira na begi la turubai. Kabla ya kuingia kitaluni alizisugua buti zake kwenye beseni la dawa alilokuja nalo mwenyewe, na Evarista akampenda papo hapo kwa jambo hilo.

"Kamwene, mama," alisema Eveline kwa Kihehe cha kujifunza.

"Kamwene, mwanangu. Karibu."

Alipita safu kwa safu kwa saa tatu. Aligeuza majani akitazama upande wa chini kwa lenzi. Alichagua miche bila mpangilio ambao mtu angeweza kuukisia, akaitoa kwenye viriba, akaosha mizizi kwenye ndoo na kuinyoosha juu ya karatasi nyeupe. Mizizi ilikuwa myeupe na minene, kama tambi. Evarista alisimama kando mikono ameifumbata tumboni. Timotheo alikaa juu ya debe karibu na mlango wa kitalu, ameshika kofia.

Mwishoni Eveline alifungua fomu.

"Mama, kazi yako ni safi. Nina swali moja. Miezi sita hii, kuna miche iliyokufa au uliyoiondoa kwa sababu ya kunyauka?"

Timotheo akakohoa.

"Hapana," alisema Evarista.

Eveline aliandika, akampa fomu atie sahihi. Chini yake paliandikwa kwamba mwenye kitalu anathibitisha maelezo aliyotoa ni ya kweli. Evarista akatia sahihi kwa mwandiko wake wa jikoni, ule aliokuwa akisainia magunia ya maharage, na mkaguzi akafunga begi lake, akaanza kushuka kuelekea gari.

Evarista alikuwa na miaka kumi na miwili wakati mtu mmoja alipomletea mama yake mbegu za viazi, madebe mawili, kwa bei ya ujirani. Mbegu zilikuwa nzuri kwa macho. Ndani yake mlikuwa na mnyauko, na yule mtu alijua, kwa sababu shamba lake mwenyewe lilikuwa limekwisha. Mama yake alizika viazi vilivyooza msimu ule, na msimu uliofuata, na shamba lile halikuzaa kiazi cha maana kwa miaka minane. Mama hakumlaani yule mtu. Alisema tu, "Angeniambia." Alilisema mara nyingi, hata akiwa mzee, akiwa anakoroga uji, bila mtu kumuuliza.

Eveline alikuwa tayari ameshika mlango wa gari.

"Mwanangu!" Evarista aliita, akashuka mteremko mbio, kandambili moja ikamtoka. "Mwanangu, subiri. Nimekudanganya."

Alieleza yote pale barabarani, bila kupumzika: idadi, mwezi, kona, mizizi myeusi, moto, chokaa. Timotheo alikuwa amesimama juu ya mteremko, ameiweka kofia kifuani kama mtu aliye msibani.

Eveline hakukasirika, wala hakutabasamu. Alitoa ile fomu, akakata jibu la kwanza kwa mstari mmoja, akaandika la pili, akamwambia Evarista atie sahihi pembeni.

"Twende unionyeshe hiyo kona," alisema.

Alichukua udongo sehemu nne na miche sita iliyokuwa jirani na pale, akafunga kila kimoja kwenye mfuko wake na kuandika namba. Akaeleza kwamba sasa hawezi kutoa cheti mpaka maabara iseme, na kwamba kipimo cha maabara kina ada yake tofauti. Kontro namba ingekuja kwa ujumbe.

"Na wakikuta?" aliuliza Evarista.

"Wakikuta, hakuna mche utakaotoka hapa, mama. Hata wa kwenda kwa jirani."

"Sawa."

"Ungenyamaza," alisema Eveline akiwa ameshaingia garini, "nisingejua leo. Ningejua siku nyingine, kwa njia mbaya." Akaondoka.

Majibu ya maabara yalichukua siku kumi na moja. Evarista alilipa ada ya pili kwa kukopa kwenye akiba ya kikundi cha wanawake wa kanisani, akarudi nyumbani akaendelea kumwagilia, maana mche haujui kwamba unasubiri hukumu. Hakula vizuri. Timotheo hakumlaumu hata mara moja. Usiku alimsikia akigeuka-geuka kitandani.

Jambo alilolihofu zaidi lilikuwa kumpigia Mrisho. Alipompigia, alimweleza mwanzo hadi mwisho, kisha akangoja matusi.

"Dada Evarista," Mrisho alisema, "mwaka juzi nilipeleka mizigo ya mtu mwingine, simtaji. Alijua ina wadudu. Nilisimama mpakani nikaangalia mali inawaka, na mteja hajapokea simu yangu mpaka leo. Wewe subiri. Mimi nitaongea na huyu wa Zambia. Ila kibali chake kinaisha tarehe thelathini, ujue."

"Najua."

"Basi tuombe Mungu. Wewe kwako, mimi kwangu."

Siku ya kumi na moja ilikuwa tarehe ishirini na moja, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Kijijini kwa Evarista mtandao wa simu hushika kwenye kilima cha zahanati tu. Alikuwa amekwenda kule kuchukua dawa ya macho, na simu ikaanza kulia ikiwa ndani ya kikapu, chini ya mboga.

"Mama Kalinga? Ni Eveline. Uko mahali unaweza kukaa?"

"Sema tu, mwanangu. Nimesimama."

"Mizizi yako haina ugonjwa. Udongo hauna ugonjwa. Sampuli zote kumi."

Evarista akasema, "Sema tena."

Eveline akasema tena. Akaongeza kwamba ile miche ilikufa kwa kukosa hewa. Udongo wa kona ile ulikuwa na maji yaliyotuama, mengi kuliko mvua inavyoweza kuleta. "Tafuta maji yanatoka wapi, mama. Nitakuja Alhamisi kuangalia mnavyopakia, halafu cheti chako utakikuta Uyole."

Alikaa basi, pale pale kwenye nyasi zenye umande, na kikapu mapajani. Muuguzi alitoka akamuuliza kama anaumwa. Evarista akatikisa kichwa. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hayakuwa ya moshi.

Timotheo alimkuta njiani. Aliposikia habari aliinua mikono miwili juu akamshukuru Mungu kwa sauti, katikati ya barabara. Evarista alipofika kwenye habari ya maji, mikono ya mumewe ikashuka.

"Mama Goodness," alisema taratibu. "Bomba la tanki."

"Limefanya nini?"

"Lilipasuka pale kwenye kiungo, chini ya ardhi, karibu na ile kona. Mwezi wa pili. Nililifunga kwa mpira wa baiskeli. Nikajua limeshika."

"Na hukuniambia?"

"Ungeniambia nimwite fundi. Nikasema nitalitengeneza mwenyewe."

Evarista alimtazama mume wake wa miaka ishirini na tisa. Siku kumi na moja yule mtu alikuwa hajalala kwa kuogopa ugonjwa, kumbe ugonjwa wenyewe ni mpira wa baiskeli. Alitaka kugomba. Maneno yalimfika mdomoni, lakini kicheko kikatangulia, na kikamshika hata akaegemea ukingo wa barabara. Timotheo naye akaanza, kwa aibu kwanza, kisha kwa kifua chote. Siku ile ile mchana walimwita fundi.

Alhamisi lori la Mrisho lilifika. Eveline alisimama na karatasi yake akihesabu makreti, akachomoa mche hapa na pale kwa mara ya mwisho. Evarista alipanda mbele pamoja na dereva. Alisema hawezi kukaa Kilolo wakati karatasi yake iko Mbeya. Kesho yake asubuhi, kwenye ofisi ya Uyole yenye foleni ya watu wa maharage na tangawizi, alikabidhiwa cheti. Kilikuwa karatasi moja, na mhuri, na namba, na jina lake limeandikwa sawasawa: Evarista Kalinga, Kilolo. Alikisoma chote amesimama, hata sehemu ya Kiingereza asiyoielewa. Kisha akampa Mrisho, naye akakiweka kwenye bahasha ya plastiki kama cheti cha kuzaliwa.

"Ada zote mbili ziingie kwenye mahesabu yetu, nusu yako nusu yangu," alisema Mrisho. "Usibishe."

Hakubisha.

Alibaki Uyole kungoja habari. Saa tisa alasiri ujumbe ukaja: lori limevuka, ofisa wa upande wa pili amesoma, amefungua makreti matatu, amegonga mhuri, miche iko salama. Evarista alimsomea ujumbe ule mama lishe ambaye hakuwa anamjua kabisa, na yule mama, bila kuelewa ni miche gani, akasema, "Mungu mkubwa, dada yangu. Nikupakulie nini?"

"Wali," alisema Evarista. "Na maharage. Na hiyo ndizi. Na kama una nyama, weka."

Alikula yote, akaomba maji ya kunawa, kisha akauliza kama anaweza kupata sahani nyingine.