Kinga ya Grenda Niliyoirudisha

Nakumbuka siku nilipopiga magoti kwenye sakafu ya karakana kule Igoma, spana mkononi, damu inanitiririka shavuni mpaka kwenye kola, nikikaza skrubu ya kinga ya grenda. Nyuma yangu watu wanne walikuwa wanamwinua Deo kumpakia kwenye pikapu ya jirani. Niliwasikia wanaambiana, "Mshike kichwa, mshike kichwa!" Sikugeuka, mwanangu. Nilikaza skrubu. Deo alikuwa rafiki yangu wa miaka sita, tumekula sahani moja. Alikufa njiani, hakufika hospitali, na mimi sikumsindikiza kwa sababu kuna kazi nilikuwa nimeagizwa. Kazi hiyo ndiyo nataka uijue, na aliyeniagiza nitamtaja.

Kama hujawahi kushika grenda, mashine ya kukatia chuma, kinga ni lile bati la nusu duara linalofunika jiwe la kukatia, ili jiwe likipasuka vipande visikurukie usoni. Ni bati tu. Linafunguliwa kwa dakika moja.

Karakana ilikuwa ya Fundi Mabula. Mimi na Deo tulimfanyia kazi ya mageti, madirisha na vitanda. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, darasa la tano niliishia mlangoni, na kila nilichokijua nilikuwa nimefundishwa na Mabula, kwa hiyo neno lake kwangu halikuwa na mjadala.

Siku moja akaja Mhandisi Kaijage na kigari cha kuongozwa kwa rimoti. Kilikuwa na urefu wa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na magurudumu manene yenye meno. Hakikuwa cha mtoto wake, kilikuwa chake mwenyewe. Yeye na wenzake walikuwa wanavipandisha vigari vyao kwenye majabali kila Jumamosi, taratibu, gurudumu moja baada ya jingine, na kisichobingirika ndicho kinachoshinda. Cha kwake kilikuwa kimeanguka kikapasuka plastiki yote ya juu. Sasa alitaka kitengenezewe fremu ya chuma, ya bomba jembamba kama kalamu, iliyokunjwa kama ya magari yenyewe ya mashindano.

Deo alikizunguka kile kigari kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mhandisi, hiki kinabeba abiria wangapi?"

"Kinabeba heshima yangu tu, kijana."

"Haa, basi kimezidisha uzito. Trafiki watakukamata."

Tulicheka sote, hata Mabula alicheka.

Ile kazi ilikuwa ya Deo, maana alikuwa na mkono mwepesi. Alipima kwa uzi, kwa sababu futi yetu ilikuwa ya mageti na haikufaa kitu kidogo kama kile. Alikunja bomba kwa kulizungushia kwenye kipande cha chuma cha duara, akichoma nukta moja upande huu, anasubiri ipoe, kisha nukta nyingine upande wa pili. Ukichoma mfululizo bomba jembamba linatoboka au linajipinda. Siku nne alikuwa kwenye kile kitu, na ilipokaribia kuisha nilikishika mkononi nikaona wivu, nakuambia kweli.

Ijumaa Kaijage akaja kujaribisha magurudumu. Likaonekana bomba moja la katikati limekaa vibaya, gurudumu linaligusa. Ilibidi likatwe litolewe bila kuharibu mengine. Tatizo ni kwamba lilikuwa ndani, na jiwe dogo la grenda yetu halikulifikia. Kaijage akaangalia saa yake. "Kesho tunapanda," akasema. Akarudia tena, "Kesho."

Mabula alikuwa na tabia ya kutunza mawe ya grenda kubwa yaliyokwisha kuliwa nusu. Alitoa moja, akaja nalo.

"Hili linafika."

Deo alilipokea, akaligeuza, akasoma maandishi yake. Yeye alikuwa amefika kidato cha pili.

"Fundi, hili si la mashine hii. Mashine ndogo inakwenda mbio kuliko linavyotakiwa. Na kinga hailipitishi."

"Kwani kinga umeioa?" Mabula akasema. Akachukua spana mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, akaifungua, akaitupa chini. "Nani fundi hapa?"

"Wewe, fundi."

"Basi kata. Masanja, mshikie."

Masanja ni mimi. Nikaikamata ile fremu kwa koleo. Kabla Deo hajawasha, nilimwona Kaijage akirudi nyuma hatua tatu, akasimama nyuma ya geti tulilokuwa tumeliegemeza ukutani. Yule ni mtu aliyesoma, alijua kinachoweza kutokea, na akajificha peke yake.

Jiwe lilipasuka mara tu lilipogusa bomba. Kipande kimoja kilinichana shavu. Kingine kilimwingia Deo shingoni.

Wakati watu wanakimbia kutafuta gari, Mabula aliniinamia sikioni. "Masanja, okota vipande vyote vya hilo jiwe, tupa chooni. Vunja jiwe dogo, lifunge. Rudisha kinga. Haraka." Nikafanya. Nilifanya yote, tena vizuri, kama alivyonifundisha.

Polisi walipokuja kuuliza, afande mmoja alinyoosha kidole kwenye mashine.

"Kinga ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, afande."

"Sasa imekuwaje?"

Nikamtazama Mabula. "Alikuwa anafanya mzaha, afande. Alilikandamiza jiwe kwa ubavu."

Wakaandika hivyo. Mhandisi alikuwa ameshaondoka, wala hakutafutwa. Wiki iliyofuata alimtuma mtu kuchukua fremu yake, fundi mwingine akaimalizia, na nasikia kigari kilipanda majabali vizuri sana.

Tulimzika Deo kwao, ng'ambo ya ziwa, Kamanga. Mama yake alisimama kaburini mbele ya watu, akamgeukia Mabula. "Fundi, nisamehe. Huyu mtoto wangu alikuwa na mzaha tangu mdogo. Nilimwonya. Amekuharibia jina la kazi." Mabula akamshika mkono, akasema amesamehe. Amesamehe! Nami nilikuwa nimesimama pale, plasta shavuni, nikitazama udongo. Mwezi uliofuata akanipa nafasi ya Deo, nikaipokea.

Nilikaa kimya miaka kumi na sita. Mwaka huu nilipanda kivuko nikaenda Kamanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni Masanja wa Igoma. Karibu, baba, kaa."

Sikukaa. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Akawa anajifunga kitenge na kukifungua.

"Kwa hiyo hakuwa anafanya mzaha."

"Hapana, mama. Alimwambia fundi kwamba jiwe si la mashine ile."

"Na mimi nilimsema kaburini. Mbele ya watu wote." Kisha akasema, "Wewe nimekusikia, sijui kama nimekusamehe. Mwambie Mabula aje."

Nilimfuata Mabula. Ana karakana kubwa sasa, vijana saba. Alicheka. "Mambo ya kale hayo, Masanja. Halafu, nani aliyefunga kinga? Si wewe?"

Ni mimi. Sikatai, na popote watakaponiita nitasema ni mimi.

Kwa hiyo mwanangu, wewe unayeshika grenda leo, nisikilize. Kinga usiifungue, hata kwa kazi ndogo kama toi ya mtu mzima. Akikulazimisha fundi wako, zima mashine, weka chini, toka nje, hata ukifukuzwa. Kazi nyingine utaipata, nakuapia. Na mwenzako akiumia, iache mashine kama ilivyo, panda naye gari, mshike kichwa. Ukiulizwa, sema siku hiyo hiyo, maana ukiuweka uongo siku moja utaulea mpaka uwe na mvi, na anayeteseka ni mama wa mtu. Mungu akulindie macho yako na vidole vyako, akupe bwana wa kazi mwenye utu, na siku ya kusema akupe sauti ambayo mimi sikuwa nayo.

Na wewe Mabula, najua utasomewa haya. Mama wa Deo yupo Kamanga, miguu imevimba, hawezi tena kuja kwako, na kivuko kinavuka kila siku. Nenda ukamwambie kwa mdomo wako nani aliifungua kinga. Na wewe Kaijage uliyestaafu ukakaa Butimba, nenda naye, ukamwambie ulijua nini ulipojificha. Msinijibu mimi. Mjibuni yeye, akiwa bado anasikia.