Dakika Nzima

Kila muhula wa kwanza unapoanza, chuo cha uuguzi hunipigia simu niende nikawape wanafunzi wapya maneno mawili matatu. Nikifika nawakuta wamekaa na sare zilizonyooka, kalamu mkononi, wakingoja niwaambie namna ya kugawa muda wa kusoma, kitabu kipi wanunue na viatu gani havichubui. Mambo hayo yana majibu, tena mafupi. Viatu nunueni vilivyozidi kidogo, maana ikifika saa nane mchana miguu inavimba. Mengine yote niliyo nayo ni habari za mtu mmoja, na asiyetaka kumsikia namruhusu akanywe chai. Mpaka leo hajatoka mtu, ingawa siku hizi wengine wanachungulia simu chini ya meza wakidhani sioni.

Mtu mwenyewe tulimwita Dakika Nzima. Alikuwa mwalimu wetu wa vitendo wodini, mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ndogo na saa iliyobanwa kifuani kwa pini. Jina hilo tulimpa kwa dharau, nakiri. Wauguzi wengine wakipima mapigo ya moyo walihesabu nusu dakika wakazidisha kwa mbili. Yeye alihesabu dakika nzima, na akimaliza hakuuachia mkono wa mgonjwa. Alibaki ameushika vilevile, uso kauinamishia saa yake kana kwamba bado anahesabu mapigo, kumbe jicho la pembeni limehamia kwenye kifua cha mgonjwa. Hapo alihesabu pumzi, dakika nyingine nzima, na mwenye pumzi asijue kitu.

"Mtu ukimwambia unahesabu pumzi zake, anaanza kupumua kwa adabu," alituambia siku ya kwanza. "Mimi sitaki adabu yake. Nataka kinachoendelea ndani."

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa maneno mengi. Siku moja ya mvua alimletea mwavuli wodini, akatukuta tumemzunguka mkewe, akatuambia kwamba tangu aoe hajawahi kushikwa mkono kwa mapenzi. "Nikishikwa tu, najua napimwa," alisema. Dakika Nzima wala hakuinua kichwa kwenye fomu aliyokuwa akiandika. "Akisema kweli ana pumzi kumi na nne kwa dakika," alijibu. "Akidanganya zinapanda. Ndiyo maana hapendi." Tulicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili naye akacheka, akishikilia mshono wake.

Wiki ya pili alitufanyia jambo ambalo tuliliona upuuzi. Baada ya chakula cha mchana, wagonjwa wamelala, alimkalisha kila mmoja wetu kwenye kigoda kando ya kitanda kimoja, akatunyang'anya kalamu, akasema tutazame kifua cha mgonjwa nusu saa. Hakuna kuandika, hakuna kuongea. Mimi nilipewa bibi mmoja mwembamba aliyefunikwa shuka hadi kidevuni. Dakika tano za mwanzo nilikuwa nawaza nguo zangu nilizoanika. Halafu, sijui ilianzaje, nikamwona. Shuka linapanda, linatulia kidogo, linashuka. Bibi amelala fofofo, hana habari na dunia, na bado kazi inafanyika. Hakuna anayeiamuru, hakuna anayeisimamia, na haijapumzika hata siku moja tangu azaliwe. Nilijumlisha kichwani miaka yake na pumzi zake, nikashindwa, na ngozi ikanisisimka kama mtu aliyefungua mlango akakuta ukumbi mkubwa asioujua, humo humo ndani ya nyumba yake. Nilipoinua macho, Dakika Nzima alikuwa ananitazama. Kisha akapita.

Ningependa kuwaambia kwamba baada ya siku hiyo niliuheshimu upumuaji wa binadamu maisha yangu yote. Niliuheshimu wiki tatu.

Kazi ilizidi, ndugu zangu, na hapa ndipo nawaomba muache simu. Vipimo vya asubuhi huanza saa kumi na mbili, na wodi yetu ilikuwa na wagonjwa ishirini na wawili. Joto kipimajoto kinakupa. Presha mashine inakupa. Mapigo unahesabu haraka haraka. Pumzi pekee hazina mashine, zinataka usimame tu kama mlingoti huku wengine wanakuita. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, tuliyempa jina la Mzoefu, alinikuta nahangaika akanionea huruma. "Dada, hapo andika ishirini," alisema. "Tazama juu. Jana ishirini, juzi ishirini. Binadamu wote ni ishirini." Nikatazama juu kwenye fomu, na kweli, ishirini ziliteremka kwenye ule mstari mpaka chini. Nikaandika yangu. Asubuhi hiyo niliandika ishirini mara ishirini na mbili, nikamaliza mapema, nikasifiwa na sista wa zamu.

Kitanda namba saba alilala fundi cherehani, mzee aliyeanguka ngazi za duka lake akavunjika mguu. Ilikuwa siku yake ya tisa pale, mguu umefungwa plasta ngumu. Alikuwa mwepesi wa utani. Kila muuguzi aliyepita alimwambia sare yake imeshonwa na adui. Siku hiyo alikuwa anaruhusiwa. Daktari alipitia fomu saa tatu, akaona vipimo vyote vimetulia, akasaini. Ilipofika saa nne, binti yake alikuwa amekwisha kunja shuka na kufunga begi, na mzee amekaa kwenye kiti cha magurudumu, koti juu ya mabega.

Dakika Nzima alikuwa akipita na sisi sita nyuma yake. Akamsalimu kama anavyomsalimu kila mtu.

"Unatuacha, fundi?"

"Nawaacha... mwalimu," alisema mzee. "Sare zenu... mtashona... wenyewe."

Sisi tulitabasamu tukaendelea kutembea. Yeye alisimama. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu anaweza kusikia kitu ambacho watu sita wenye masikio mazima hawakukisikia. Alirudi, akainama, akamshika mzee mkono kama mtu anayeaga, akaanza kumuuliza habari za cherehani zake, zipo ngapi, nani anazitazama. Mzee alinyamaza kutafuta jibu. Yeye naye akanyamaza, macho kwenye saa. Niliuona ule mshale mwekundu ukizunguka. Sijawahi kuona dakika ndefu kama ile.

"Thelathini na nne," alisema taratibu. "Mrudisheni kitandani, mkalisheni wima. Wewe, lete oksijeni. Wewe, mwite daktari, usitembee."

Daktari alikuja mbio, kijana mwerevu, akachukua fomu. Naye alifanya walichomfundisha: akatafuta kilichobadilika. "Saa kumi na mbili alikuwa ishirini," alisema. "Saa mbili alipigwa sindano ya maumivu. Sasa thelathini na nne. Ni sindano. Mwili umeikataa." Akageuka kumwagiza sista dawa ya kutuliza mwili uliokataa sindano.

Ile ishirini ilikuwa yangu. Sahihi yangu ilikuwa pembeni yake, nzuri, yenye mkia.

Sheria ya chuo tulisomewa siku ya kwanza, tukaisaini: mwanafunzi wa muhula wa kwanza atakayeandika kipimo ambacho hakukipima anarudi kwao. Na kwetu walikuwa wameshaanza kuniita daktari, kwa sababu kwetu mtu akivaa nyeupe ni daktari. Nawaambia kitu ambacho sijivunii. Nilisimama pale nikihesabu nani anaweza kujua. Hakuna. Pumzi ya saa kumi na mbili ilikwisha kupita, haina ushahidi. Ningeweza kuapa ilikuwa ishirini na mbingu yenyewe isingekuwa na karatasi ya kunipinga. Lakini mzee alikuwa anavuta hewa mbele yangu, mabega yanapanda hadi masikioni, na watu wote wanaomtibu walikuwa wanakwenda njia niliyowaelekeza mimi, njia ambayo sikuwahi kuipita.

"Sikuhesabu," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. "Ile ishirini sikuihesabu, daktari. Niliandika tu."

Daktari alinitazama kama hajaelewa lugha. Dakika Nzima alielewa mara moja, na hakunipa hata nusu sekunde ya hasira; hasira ingekula muda. Alichukua fomu, akapanda na kidole kwenye ule mstari, ishirini, ishirini, ishirini, siku tatu nyuma. "Basi hatuna kitu hapa," alimwambia daktari. "Hizi zote hazipo." Kisha akamgeukia binti wa mzee, mtu pekee mle ndani ambaye hakuna aliyemuuliza kitu. "Mama, baba ameanza lini kukatakata maneno?"

"Tangu jana jioni," alisema binti. "Nilidhani amechoka na kulala. Na ubavu ulimchoma alipokohoa."

Jana jioni. Kabla ya sindano, kabla yangu. Daktari aliacha ile dawa mezani, akautazama mguu uliofungwa, na nikaona uso wake ukibadilika. Damu ilikuwa imeganda mguuni, kipande kikapanda mpaka kwenye pafu. Walimkimbiza kupigwa picha, wakamwanzishia dawa ya kuzuia damu kuganda kabla ya saa sita. Daktari alituambia baadaye kwamba kama angeondoka hospitali, angefia kwenye ngazi zile zile za dukani.

Jioni nilipelekwa kwa mkuu wa chuo. Dakika Nzima alisimama pembeni yangu, akaeleza kila kitu bila kupunguza. Mkuu akamuuliza, "Kwa hiyo tumwondoe?" Alifikiri kidogo. Alisema, "Ukimwondoa, utaletewa mwingine ambaye bado hajaogopa. Huyu ameshaogopa. Lakini uamuzi ni wako." Nilipewa adhabu ya kurudia muhula mzima. Mzoefu naye aliitwa, na binadamu wote wa wodi ile wakaacha kuwa ishirini kuanzia siku hiyo.

Nilidhani yameisha. Siku ya nne Dakika Nzima alinikuta nikinawa mikono kwenye sinki. "Mkuu ameshakuhukumu," alisema. "Mwenye pumzi bado hajaambiwa."

Nilimwomba aende nami. Alikataa. Nilimwambia, "Mwalimu, atanichukia." Akasema, "Ana haki hiyo. Usiende kumnyima."

Mzee alikuwa ameegemea mito, kimrija cha oksijeni puani, amekonda kwa siku nne kama aliyeugua mwezi mzima. Nilivuta kigoda. Nilimwambia yote, ishirini mara ishirini na mbili, na sifa nilizopata kwa kumaliza mapema. Nilitaka kulia nikajizuia, maana niliona kwamba nikilia yeye ndiye atalazimika kunibembeleza.

Hakufanya utani. Alijiinua kidogo kwenye mito.

"Mimi nina miaka arobaini kwenye cherehani," alisema. Alisema sentensi nzima bila kuikata. "Wateja wangu wengine nawajua tangu wachanga. Sijawahi kumkatia mtu kitambaa bila kumpima, hata yule niliyempima wiki iliyopita. Na kitambaa nikikikosea, kinatafutwa kingine." Akanitazama. "Mimi mwingine angetafutwa wapi?"

Swali hilo, wanafunzi wangu, ninalo mpaka leo. Nilibaki kwenye kigoda nikitazama plasta yake. Nilikuwa nasubiri anifukuze, na angenifukuza ningeondoka wodini na pengine chuoni, nikaenda kuuza hata nyanya.

Mzee alitoa mkono chini ya shuka, akaulaza mbele yangu, kiganja juu. Akageuzia uso dirishani.

"Haya, mwanangu," alisema. "Nipime."