Risasi Katika Mkoba wa Bwana Kofia

Chumba chetu kule Bondeni, mjini Nakuru, kilinuka ngozi na nta hata chai ikapata harufu hiyo, kwa maana upande mmoja wa chumba ndio uliokuwa karakana ya baba. Alikuwa fundi wa viatu na matandiko ya farasi. Kati ya wateja wake alikuwako mzee mmoja Mzungu tuliyemwita Bwana Kofia, aliyependa mambo mawili tu duniani: kuwinda bata na kuvua samaki. Vifaa vyake vyote vilikuwa vikuukuu, na baba alivishona na kuvipaka nta kwa mapenzi ambayo mama aliyaonea wivu.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ya Waingereza ikiwasaka wapiganaji wa msituni, nami nilikuwa msichana wa miaka tisa. Asubuhi moja Bwana Kofia alisimamisha gari mlangoni, akashusha fimbo ya kuvulia ya mwanzi, gurudumu la shaba la kukunjia mshipi, kijisanduku cha ndoana na mkoba wa ngozi wa kubebea risasi.

"Fundi, mimi nakwenda Ulaya wiki kesho," alisema. "Macho kwisha, mikono kwisha. Bunduki nimeuza. Hii ingine yote wewe chukua."

Baba aliipokea fimbo kwa mikono miwili. Alikuwa mtoto wa mvuvi wa Pwani, na tangu aje bara hakuwa ameshika mshipi. Aliipitisha ile fimbo vidoleni polepole, macho yamemlegea.

Siku ya pili yake nilipewa mkoba niusafishe. Kidole changu kiliingia kwenye bitana iliyochanika, kikagusa kitu kigumu. Nilikitoa. Ilikuwa risasi nzima, kitako chake kikimeta. Mama, aliyekuwa akikanda unga wa maandazi, aliiona akaganda. Siku zile kupatikana na risasi moja kulitosha kumfikisha mtu kwenye kitanzi, na jirani yetu wa mlango wa tatu alikuwa amechukuliwa kwa jambo dogo kuliko hilo.

"Itupe chooni, Baba Zena," alinong'ona.

"Vyoo ndivyo wanavyopekua kwanza."

"Basi mrudishie mwenyewe."

"Nipite nayo kwenye kizuizi cha askari barabarani?"

Hawakuwa wamemaliza filimbi zilipolia nje. Msako. Mama alininyang'anya risasi, akaididimiza ndani ya donge la unga, akaendelea kukanda. Askari wawili waliingia. Mmoja aligeuza godoro. Wa pili aliuokota mkoba, akatia mkono ndani, kwenye bitana ile ile.

"Hii ya nini?"

"Ya Bwana Kofia," baba alijibu. "Bitana imechanika."

Askari alimtazama mama. "Na wewe mama, huo unga hauishi kukandwa?"

"Wa leo mgumu, mwanangu," alisema mama, bila kuinua uso. Walipotoka, ndipo nilipogundua kwamba nguo yangu ilikuwa imelowa.

Baba alikwenda mikono mitupu kumwita mzee, naye akaja alasiri hiyo hiyo. Alipokea risasi ikiwa bado na unga, akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe iko hapa! Mimi natafuta hii mwaka mzima!" Akaitia mfukoni, akaondoka na gari lake. Baba hakucheka. Mkoba aliukatakata ukawa soli za viatu. Fimbo aliibakiza, lakini miezi mingi ilipita kabla ya kunipeleka ziwani Naivasha, na hata siku hiyo, samaki akivuta, baba aligeuka kwanza kutazama kila gari lililopita barabarani.

Sasa naishi Karagita, karibu na ziwa hilo hilo, na wajukuu hupenda kisa hiki. "Lakini nyanya," huniuliza, "kwani baba yako hangeenda tu polisi akawaeleza?" Huuliza kwa utulivu wa watu waliozoea kusikilizwa. Huwa najaribu kujibu. Hawaelewi, na mimi hulala usingizi mzuri kwa sababu hawaelewi.