Rangi ya Viatu Ukweni Kakese

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwaficha wakwe watarajiwa kwamba nimetibiwa uvimbe kwenye ubongo, na naona aibu hata kuandika haya, lakini bora niseme mwenyewe kabla mjomba Kulwa hajawasimulia (yule hutia chumvi).

Mionzi niliyopigwa Dar ilikuwa imeninyonyoa nywele juu ya sikio la kushoto tu, duara safi kama limekatwa kwa kisahani, na mimi ninayetaka kila kitu kikae sawasawa nikaona siwezi kupeleka barua ya posa na kichwa cha namna ile, na kofia ukweni huvai, basi nikachukua rangi nyeusi ya viatu, nikapaka, nikajitazama kwenye kioo mara sita, nikajipongeza. (Daktari alinikataza kupaka chochote pale. Nilimsikia vizuri kabisa.)

Tukafika Kakese saa tano, jua linawaka, tukaketishwa benchi moja na baba wa mchumba wangu Neema, Mzee Masanja, mwenye shati jeupe la Jumapili. Mjomba, mshenga wangu, akaanza maneno yake taratibu, kuanzia ng'ombe wa babu zake huko Usukumani, na ule uchovu wa mionzi, ambao hauombi ruhusa, ukanikamata. Nikalala fofofo, kichwa kwenye bega la mkwe!

Nilizinduliwa na sauti ya shangazi yake Neema: "Nyie, kijana wenu kalewa! Saa tano hii?"

Mzee Masanja alishasimama, bega jeusi tii. "Chukueni barua yenu. Mlevi simpi binti."

Neema alinitazama kutoka mlangoni (alijua yote, ila nilimwapisha asiseme). Hotuba niliyoikariri wiki nzima ilipotea, rangi inanitiririka shingoni, nikasema tu, "Baba, sijanywa. Nilikuwa na uvimbe kichwani. Nimepigwa mionzi, inachosha, tena imeninyonyoa hapa. Nimepaka rangi ya viatu."

Mzee akanisogelea, akanigusa kwa kidole, akakinusa.

"Ya viatu kweli," akasema. "Sasa mwanangu, mbona na brashi hukuleta?"

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini, mjomba naye, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Nikaletewa maji ninawe kichwa. Barua ikapokelewa.

Siku hizi nasema mapema, kabla sijakaa: nimetibiwa kwa mionzi, naweza kusinzia. Nywele hazijaota zote, na natembea kichwa wazi.