Unga wa Wimbi Chini ya Tairi

Sikutoka Toronto kwa kupenda. Mke wangu, Nekesa, alikuwa na mimba ya miezi tisa na kazi ya uuguzi katika mji wa Orillia, mwendo wa saa moja na nusu kuelekea kaskazini kama hali ya hewa ina adabu. Mama yake alikuwa anakuja kutoka Bungoma kumpokea mjukuu, na wa kumtoa uwanja wa ndege na kumfikisha nilikuwa mimi. Hiyo ndiyo sababu niliyompa bosi wangu. Sababu ya pili sikumwambia mtu: nilitaka yule mama anipende.

Alikuwa na haki ya kutonipenda. Nekesa na mimi tulioana hapahapa Toronto, mbele ya karani na mashahidi wawili, nami sijatia mguu kwao hata kunywa chai. Miaka mitatu nilipiga simu kila Krismasi, na miaka mitatu Mama alijibu kupitia kwa Nekesa: "Mwambie nimesikia." Basi. Halafu kuna mila. Mimi nimekulia Voi mjini, mambo mengi ya wazee yalinipita nikicheza mpira, kwa hiyo Nekesa alinifundisha kwa simu kama mtoto wa chekechea. Usimpe Mama mkono. Usikae naye kiti kimoja. Usimtazame usoni. Ukiwa na neno, mtume mtu amwambie.

"Ndani ya gari tutakuwa wawili," nikasema. "Nimtume nani?"

"Utajijua mwenyewe, Mwadime."

Siku mbili kabla ya safari, barabara ya Dixon. Nilikuwa chini ya jumba letu nikilipangusa gari, kuukuu lakini langu, alipotokea jirani yangu Abdi, mtu wa Garissa anayeendesha lori tangu mimi sijui Kanada iko wapi. Akainama, akagonga tairi kwa kidole.

"Haya ni ya kiangazi, ndugu yangu. Baridi ikiyapata yanakuwa magumu kama bamba. Nunua ya theluji."

"Abdi, mimi nimeendesha Voi hadi Taveta masika yote, kabla ya lami."

"Nakupa habari ya theluji, wewe unanipa historia."

Akaendelea bila kuombwa. Nitie maji ya kioo yasiyoganda. Tangi lisishuke chini ya nusu. Nikwangue theluji gari zima, si kufungua tundu la kuchungulia kama mwizi. Nibebe koleo, blanketi na ndoo ya mchanga. Na nikikwama, nisafishe kwanza bomba la moshi kabla ya kuwasha injini, nisije nikafa na mgeni wangu. Nilimshukuru sana. Alipoondoka nikajaza maji ya bomba kwenye tangi la kioo, nikatia matone ya sabuni ya vyombo, nikaona nimewashinda wenye maduka. Blanketi nilibeba kwa sababu lilikuwa tayari kwenye gari.

Saa nne asubuhi, uwanja wa ndege. Mama alitoka na masanduku mawili na mfuko mweupe wa sandarusi ulioshonwa mdomo kwa uzi. Alikuwa mfupi, mnene wa mabega, na koti alilotumiwa na Nekesa lilikaa juu ya kitenge chake kama limeazimwa. Niliinamisha macho.

"Karibu Kanada, Mama," nikaviambia viatu vyake.

"Asante," viatu vikajibu.

Masanduku aliniachia. Mfuko alinipa kwa mikono miwili, akitazama dari. "Uwekwe mahali pakavu. Ni wimbi wa shamba langu mwenyewe, nimeuanika, nimeusaga. Ni uji wa mzazi." Nikauweka kwenye buti kwa heshima zote, naye akakaa kiti cha nyuma, upande wa mbali nami kabisa.

Sijageuza ufunguo, simu ikalia. Alikuwa Nekesa, anahema. "Chupa imepasuka. Niko hospitali. Leta Mama." Tulikuwa tumehesabu siku kumi zaidi. Nyuma yangu Mama alikuwa amesikia kila neno, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akitaja jina la Mungu kwa lugha yao, pole pole, akilirudia.

Saa tano, barabara kuu ya 400. Theluji ilianza kwa utani, ikamaliza kwa ugomvi. Malori yalinirushia tope la chumvi kwenye kioo, nikabonyeza maji yangu ya ujanja. Yalitoka vizuri, yakasambaa vizuri, yakaganda hapohapo. Nikawa naendesha nyuma ya pazia.

"Dereva anaona?" Mama akakiuliza kiti cha mbele yake.

"Dereva anaona kidogo," nikauambia usukani.

"Basi dereva asimame."

Nilitambaa kando hadi kituo cha mafuta, nikakwangua kioo kwa kadi ya benki, nikanunua galoni ya maji ya buluu yale ambayo Abdi alinitajia. Muuzaji aliniuliza kama huu ni msimu wangu wa kwanza wa baridi. Ni wa saba. Nilimwambia wa kwanza.

Saa saba, tumeupita mji wa Barrie. Magari yalisimama mstari mzima. Mbele kulikuwa na ajali. Simu ikanishauri nikate kulia, kuna njia ya mashambani itakayoniokolea dakika kumi na mbili. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi mkuu wangu siku ile alikuwa simu. Nikakata. Ile njia hakuna greda iliyokuwa imepita kuondoa theluji. Kwenye kona ya pili nilikanyaga breki kama mtu wa Taveta, gari likakataa, likateleza ubavu-ubavu bila haraka yoyote, likatia pua kwenye lundo la theluji kando ya mtaro.

Hakuna aliyeumia. Nikatoka, nikapiga simu ya gari la kuvuta. Wakasema watafika baada ya saa tatu, labda nne. Nikarudi kwenye usukani, nikakanyaga mafuta, tairi zikalia na kuchimba. Nikarudia kwa hasira, zikachimba zaidi. Nekesa alikuwa peke yake huko, na mimi ndiye niliyempotezea mama yake njiani. Niliogopa, nawaambia kweli.

Ndipo nikakumbuka mchanga wa Abdi. Mchanga sikuwa nao. Nikafungua buti, nikauona ule mfuko mweupe.

Jamani, msinihukumu haraka. Unga wa wimbi ni wa kahawia, una chembechembe, ukiushika unauma vidole kama mchanga. Mama alikuwa ndani, vioo vimefunga ukungu. Nikakata uzi kwa ufunguo, nikachota gao moja tu la mkono. Moja halikutosha. Nikachota la pili, la tatu, kisha nikaacha unafiki, nikaumwaga wote, kilo sita, nusu kila tairi la mbele. Nikaingia, nikakanyaga mafuta.

Unga ukikutana na maji na moto unakuwa nini? Mtoto wa darasa la pili anajua. Tairi zilizunguka, zikapata moto, theluji ikayeyuka, na nikapika uji. Ulitelezesha kuliko barafu yenyewe. Ulirukia milango, ukarukia kioo, na nilipotoka kuangalia ukanirukia suruali, maana nilikuwa nimeacha gari kwenye gia.

Kioo cha nyuma kikashuka. Mama akanusa. Ile harufu hata mimi ilinikumbusha jikoni kwa nyanya yangu. Akafungua mlango, akashuka ndani ya theluji hadi magotini, akazunguka gari, akautazama mfuko mtupu. Kisha akanitazama usoni, macho kwa macho, mila au hapana mila.

"Huo ni uji wa nani umempa tairi?"

"Wa Nekesa, Mama. Nisamehe."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akaninyooshea kidole. "Nimeendesha pikapu ya mahindi kwenye matope ya Kitale miaka kumi na mmoja, na sijawahi kuyapa matope chakula. Toa hiyo mikeka ya chini."

Nikatoa mikeka miwili ya mpira. Akanifanya nikwangue uji na theluji mbele ya tairi kwa kifuniko cha sufuria aliyokuja nayo kwenye sanduku, nikasafisha na bomba la moshi, angalau hilo la Abdi nililikumbuka. Tukasukuma mikeka chini ya tairi. Akakaa kwenye usukani, akavuta kiti mbele.

"Gia ndogo ni ipi hapa?"

Nikamwonyesha kupitia dirishani, kwa mbali. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ile sheria ya mkwe kutokaa na mkwe ilikuwa imetimia barabara: yeye ndani, mimi nje nasukuma. Aligusa mafuta kama anakanyaga yai. Mbele kidogo, akaachia. Nyuma kidogo, akaachia. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, gari likabembea kama mtoto mgongoni, na mara ya nane likapanda mikeka na kutoka. Mikeka tuliiacha hapohapo. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kusimama tena.

Akarudi kiti cha nyuma, akafunga mkanda. "Dereva aende polepole. Na akitaka kusimama, aanze kusimama mapema." Akanirudisha kwenye udereva, nikatambaa hadi Orillia.

Saa tisa na nusu, hospitali. Mkunga alitutazama, mimi na suruali yangu ya uji, akasema bado kidogo tu, nani anaingia? Nekesa alikuwa ameandikisha watu wawili. Lakini Mama alikuwa ameshapiga hatua moja nyuma, kwa sababu chumba kimoja na mkwe wake, na binti yake katika hali ile, kwake haikuwezekana. Aliishika mikono yake mwenyewe. Alikuwa amevuka bahari kwa ajili ya mlango ule, na alikuwa ananiachia.

Miezi tisa nilikuwa nimejisifu kwa marafiki kwamba nitakata kitovu kwa mkono wangu.

"Ingia wewe, Mama," nikaiambia sakafu. "Mimi nitangoja hapa."

Akaingia. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nikasikia sauti ya mke wangu ukutani, kisha sauti nyingine ambayo sikuwahi kuisikia. Nililia kama mjinga mbele ya mashine ya kahawa.

Waliponiita, Nekesa alikuwa amejilaza kitandani, amechoka na anacheka. Mtoto wa kike. Mama alisimama pembeni ya dirisha naye mikononi, mgongo kwangu.

"Mama, sasa uji wangu uko wapi?" Nekesa akauliza. "Tangu jana nauwaza."

Nikaitazama suruali yangu. Mama hakugeuka.

"Mfuko ulipasuka njiani," akasema. "Ukamwagika wote. Huyu alijitahidi sana kuuokota."

Kisha akamwinamia mtoto, akamnong'oneza kwa sauti ambayo ingesikika hadi maegesho: "Mwambie baba yako anunue matairi."

Siku ya tano, safari ya kurudi, kazi ilikuwa inaniita. Nilikuwa nimefungiwa matairi ya theluji kwenye gereji ya Orillia, na kwenye buti kulikuwa na ndoo ya mchanga, koleo na galoni mbili za maji ya buluu. Nilipita ile njia ya mashambani, sasa imekwanguliwa, kutafuta mikeka yangu. Niliupata mmoja, umeganda uji wa kahawia, mgumu kama tofali. Nikauweka kwenye buti. Nimejifunza kwamba theluji ni matope yaliyovaa nguo nyeupe, na kwamba matope yana walimu wake, nao hawakai kwenye simu. Abdi aliponiona chini ya jumba letu aliangalia matairi, akaangalia mkeka, akaniamkia kwa adabu ambayo ilinikera.

Nilimpigia Nekesa kusema nimefika. Akasema ngoja, kuna mtu anataka simu. Nikasikia pumzi ndogo ya mtoto, karibu kabisa na sikio, na nyuma yake sauti niliyoijua.

"Muulize baba yako, amefika salama?"

"Mwambie bibi yako nimefika salama."

Mtoto akapiga chafya.

"Haya. Mwambie akija Jumamosi alete unga wa wimbi. Na asiufungue."